Mkasi ulivyowashinda wahubiri

Usiku wa tarehe 29 Julai 1835, kundi la watu lilivunja posta ya mji wa Charleston, South Carolina, likaondoka na magunia ya magazeti na vijitabu vilivyokuwa vimeletwa kwa meli kutoka New York. Kesho yake jioni karatasi hizo zilichomwa moto hadharani, pamoja na sanamu za viongozi wa harakati za kupinga utumwa, na umati ukishangilia. Mkuu wa posta wa mji aliandika Washington kuomba mwongozo. Amos Kendall, aliyekuwa na dhamana ya posta za nchi nzima, akamjibu kama wanasiasa wanavyojibu: sheria ipo, lakini mtumishi wa posta ana wajibu mkubwa zaidi kwa jamii anayoishi. Aliyetaka kuelewa alielewa. Desemba mwaka huohuo Rais Andrew Jackson mwenyewe aliliomba Bunge lipige marufuku machapisho ya namna hiyo kupita kwenye posta za majimbo ya Kusini. Bunge lilikataa, na wakuu wa posta wa Kusini wakaendelea kuyazuia hata hivyo.

Fungua kitabu chochote cha historia ya fasihi ya Marekani utafute miaka ile ya 1830 na 1840. Utakutana na Emerson, Hawthorne, Poe, na Thoreau aliyekaa kibandani kando ya ziwa. Ni waandishi wakubwa, sina ugomvi nao. Lakini hakuna posta iliyovunjwa usiku kwa ajili ya Hawthorne. Zilizochomwa Charleston zilikuwa karatasi za bei ya chini, zilizoandikwa haraka, nyingine kwa lugha isiyo na mapambo yoyote, na zilipelekwa kwa watu ambao hata hawakuziomba. Chama cha Marekani cha Kupinga Utumwa, kilichoundwa Philadelphia mwishoni mwa 1833, kilichapisha zaidi ya nakala milioni moja kwa mwaka mmoja, kwa sababu mashine za uchapaji za mvuke zilikuwa zimeshusha gharama ya karatasi yenye maandishi kuliko wakati wowote kabla yake.

Dai langu ni kwamba enzi ile ya mageuzi ilizaa maandishi ya mawaidha na maandishi ya ushahidi, na kwamba tumeyasifu mno ya kwanza na kuyasahau ya pili, ilhali ya pili ndiyo yaliyowanyima usingizi wenye watumwa.

Tuanze na David Walker. Alikuwa mtu mweusi huru, mzaliwa wa Wilmington, North Carolina, aliyehamia Boston akafungua duka la nguo za mitumba karibu na bandari. Septemba 1829 alitoa kijitabu alichokiita mwito kwa raia weusi wa dunia. Alikipanga kwa makusudi kama Katiba ya Marekani, utangulizi na vifungu vinne, kisha akaujaza mpangilio huo hoja ambazo waandishi wa Katiba wasingethubutu kuzisikia. Ukikitazama kwenye ukurasa unaona kwamba kiliandikwa kisomwe kwa sauti: alama za mshangao zinafuatana mbili tatu, na pembeni kuna vidole vya kuchapwa vinavyomwonyesha msomaji mahali pa kukazia. Walker alijua kwamba katika kila kikundi cha watu weusi kumi huenda mmoja tu ndiye anayejua kusoma, na kwamba huyo mmoja atawasomea wengine.

Wateja wake wengi walikuwa mabaharia. Inasemekana vijitabu vingine vilisafiri Kusini vikiwa vimeshonewa ndani ya makoti aliyowauzia, na sijui kama methali ya kikulacho ki nguoni mwako imewahi kutimia kwa namna halisi zaidi. Desemba 1829 polisi wa Savannah, Georgia, walikamata nakala 60. Meya wa Savannah akamwandikia meya wa Boston amnyamazishe Walker. Huyu akajibu kwamba hakipendi kijitabu hicho lakini mwandishi wake hajavunja sheria yoyote ya Massachusetts. Georgia haikusubiri. Ndani ya wiki chache ilipitisha sheria kali dhidi ya kusambaza maandishi ya kuchochea watumwa, dhidi ya kuwafundisha kusoma, na dhidi ya mabaharia weusi kushuka bandarini. Serikali nzima ya jimbo ilibadili sheria zake kwa sababu ya muuza mitumba. Walker alifariki Agosti 1830, na wengi katika jamii yake waliamini amelishwa sumu, ingawa kumbukumbu za mji zinataja kifua kikuu.

Sasa tuje kwenye kitabu ambacho ningependa kila mwanafunzi wa uandishi wa habari akijue. Kilitoka mwaka 1839. Jalada linatangaza ushahidi wa mashahidi elfu moja kuhusu utumwa wa Marekani, na halina jina la mtunzi. Aliyekihariri ni Theodore Weld, lakini kazi iliyo ngumu zaidi ilifanywa na mkewe Angelina Grimké na shemeji yake Sarah. Hawa dada wawili walikuwa mabinti wa jaji tajiri wa Charleston, mji uleule wa moto, na walikuwa wamekua wakihudumiwa na watumwa. Wakaukimbia utumwa wakiwa upande wa waliofaidika nao, wakahamia Kaskazini. Mwaka 1836 Angelina aliwaandikia wanawake Wakristo wa Kusini kijitabu cha kuwasihi. Nakala zake zikachomwa Charleston, naye akaonywa asirudi nyumbani. Mei 1838, siku mbili baada ya harusi yake, alihutubia katika Ukumbi wa Pennsylvania mjini Philadelphia mawe yakivunja madirisha. Usiku uliofuata ukumbi huo, uliokuwa umefunguliwa siku tatu tu kabla, uliteketezwa.

Baada ya hapo akina Grimké waliacha majukwaa. Sababu ni nyingi, afya na ndoa zikiwemo, lakini matokeo yake ni kwamba walikaa chini na mkasi. New York kulikuwa na chumba cha kusomea cha wafanyabiashara kilichopokea magazeti ya kila jimbo. Yakishapitwa na wakati yaliuzwa kwa mafungu. Weld akawa anayanunua na kuyapeleka nyumbani kwao Fort Lee, New Jersey, ng'ambo ya mto. Dada hao walipitia zaidi ya nakala 20,000 za magazeti ya Kusini, ukurasa kwa ukurasa, kwa miezi mingi.

Walichokuwa wakikitafuta hakikuwa makala za wapinga utumwa. Walitafuta matangazo ya biashara. Mwenye shamba aliyetorokwa na mtumwa alikwenda gazetini kulipia tangazo, na ili mtoro atambulike ilimbidi amwelezee: ana herufi fulani iliyochomwa shavuni kwa chuma cha moto, amekatika kidole cha mguu, mgongoni ana makovu ya mjeledi, aliondoka akiwa na kola ya chuma shingoni, huenda ameelekea upande fulani kwa sababu mkewe aliuzwa huko. Chini ya tangazo, jina la tajiri na mahali anapoishi. Jirani akisoma hakushtuka, maana lilikuwa tangazo kama la ng'ombe aliyepotea. Lilipokatwa na kubandikwa pamoja na mengine mamia, yakiwa yamepangwa kwa mada, yenye jina la gazeti na tarehe, likageuka kuwa kukiri kosa kwa maandishi. Mdomo uliponza kichwa, na mdomo wenyewe ulikuwa umelipia nafasi gazetini.

Naona hapo ubunifu wa kifasihi uliopitiliza. Watetezi wa utumwa walikuwa na jibu moja kwa kila hadithi ya ukatili: kwamba ni uzushi wa watu wa Kaskazini wasioyajua mambo ya Kusini. Jibu hilo halikuwa na pa kusimama mbele ya tangazo lililolipiwa na mheshimiwa wa Kusini katika gazeti la Kusini. Weld na dada wale hawakuhitaji hata kupaza sauti, walipanga tu. Kitabu kiliuza karibu nakala 100,000 katika mwaka wa kwanza. Charles Dickens, alipoandika juu ya safari yake ya Marekani mwaka 1842, alichota humo kwa wingi.

Hata hivyo kuna jambo linalonisumbua katika kitabu hicho. Kati ya wale mashahidi elfu, watumwa wenyewe karibu hawamo. Weld aliamua hivyo kwa hesabu ya wakili: msomaji mzungu angemwamini mwenye mtumwa anayejishitaki kabla hajamwamini mtumwa anayeshitaki. Huenda hesabu ilikuwa sahihi. Lakini maana yake ni kwamba yule mwenye makovu mgongoni aliingia mahakamani kama kielelezo, na nafasi ya shahidi akapewa aliyempiga.

Frederick Douglass aliingia kwa mlango mwingine. Alizaliwa mtumwa Maryland mwaka 1818, akafundishwa alfabeti na mke wa bwana aliyemtumikia Baltimore mpaka mume alipokataza, akaendelea kwa kuwapa watoto wa mtaani mkate ili wamfundishe maneno. Alitoroka Septemba 1838 kwa treni, amevaa kibaharia na ana hati za kuazima. Kufikia 1841 alikuwa mhutubiaji wa kulipwa wa wapinga utumwa wa Massachusetts, na hapo ndipo matatizo mapya yalipoanza. Alizungumza vizuri mno. Watu walitoka mkutanoni wakinong'onezana kwamba mtu huyu hajawahi kuwa mtumwa. Wafadhili wake walimshauri atoe habari za maisha yake tu na falsafa awaachie wao, na tena asiache kuweka kidogo lafudhi ya shambani.

Jibu lake lilikuwa kitabu cha mwaka 1845, kilichotaja jina la kila mtu: tajiri wake Thomas Auld, mvunja watumwa Edward Covey, Kanali Lloyd mwenye mashamba, pamoja na wilaya, mito na miaka. Ilikuwa hatari ya wazi, kwa maana sheria ilimruhusu Auld kumfuata na kumkamata hata Boston, na ndiyo sababu Douglass alivuka bahari kwenda Ireland na Uingereza hadi marafiki wa huko walipochanga pauni 150 na kumnunulia uhuru mwaka 1846. Lakini majina yalizaa matunda ambayo hakuna hotuba ingezaa. Mtu mmoja wa Delaware aitwaye Thompson, aliyewahi kuishi jirani na wote waliotajwa, alikasirika akaandika gazetini kuwatetea. Aliwaeleza mmoja mmoja kuwa waungwana, kisha akaongeza kwamba yeye anamjua huyo Frederick, alikuwa mtumwa wa kawaida asiye na elimu, hawezi kuandika kitabu kama hicho. Douglass alimjibu kwa kumshukuru. Kwa miaka minne alikuwa akitafuta wa kumthibitishia kwamba alikuwa mtumwa, na sasa mtetezi wa mabwana amejitolea bure. Barua ya Thompson akaiweka ndani ya toleo la kitabu lililochapwa Dublin.

Na kuna alichokinyamazia. Hakueleza alivyotoroka. Alisema wazi kwamba hataeleza, ili asiwafungie wengine njia. Maelezo kamili aliyatoa mwaka 1881, alipokuwa mzee na utumwa umekwisha. Shahidi mzuri anajua pia kipi kisitajwe, na kwa nani.

Bado kitabu chake kilitoka kikiwa kimetanguliwa na dibaji ya William Lloyd Garrison na barua ya Wendell Phillips, wazungu wawili wa kumdhamini. Mwaka 1847 alianzisha gazeti lake mwenyewe mjini Rochester, kinyume na matakwa ya Garrison. Kwa maoni yangu ugomvi wao, ambao vitabu vingi vinauelezea kama tofauti ya tafsiri ya Katiba, ulianzia kwenye zile kurasa za mwanzo.

Upande wa mawaidha nitaupita haraka, kwa kuwa ndio unaojulikana. Wamarekani wa 1830 walikunywa kupita kiasi: wanahistoria wanakadiria zaidi ya lita 25 za alkoholi halisi kwa kila mtu mzima kwa mwaka. Wachungaji walihubiri, vyama viliundwa, vijitabu vikamiminika. Walt Whitman, kabla hajawa Whitman, alikodiwa mwaka 1842 kuandika riwaya ya kupiga vita ulevi. Iliuza takribani nakala 20,000, zaidi ya kitabu kingine chake chochote enzi za uhai wake, na ni mbaya kweli kweli. Uzeeni aliicheka mwenyewe na kudai aliiandika kwa siku tatu huku akijipoza na mvinyo. Waliofanikiwa kuwavuta walevi halisi walikuwa wanywaji sita wa Baltimore, waliokula kiapo cha kuacha pombe mwaka 1840 wakaanza mikutano ambayo kila mtu alisimama kueleza yaliyompata yeye. Hapakuwa na mahubiri. Kumbi zilifurika.

Hawthorne aliwekeza fedha zake katika shamba la ujamaa la Brook Farm, akasukuma samadi miezi kadhaa mwaka 1841, akachoka, na miaka kumi na moja baadaye akaligeuza riwaya ya dhihaka. Insha ya Thoreau ya kukataa kulipa kodi kwa serikali ya watumwa, iliyotokana na usiku mmoja mahabusu mwaka 1846, haikusomwa na watu wengi ilipotoka. Umaarufu wake uliletwa na Gandhi na Martin Luther King. Na yuko Bronson Alcott, baba wa mwandishi Louisa May, ambaye mwaka 1843 aliwapeleka mkewe na watoto kwenye shamba la Fruitlands. Huko hawakuvaa sufu kwa kuwa ni mali ya kondoo, wala pamba kwa kuwa imechumwa na watumwa. Walivaa kitani na kula matunda na nafaka, na majira ya baridi yalipofika jaribio likafa. Ni rahisi kumcheka Alcott, na bintiye alimcheka vizuri sana kwa kalamu. Ila jambo la pamba nitalirudia.

Mtu atanipinga kwa Harriet Beecher Stowe. Riwaya yake ya Mjomba Tom ilianza kuchapwa gazetini kwa mfululizo mwaka 1851, ikatoka kama kitabu Machi 1852, ikauza nakala 300,000 nchini mwake katika mwaka mmoja. Imejaa mawaidha, na iliwaliza mamilioni. Sawa. Lakini angalia kilichofuata. Kusini walimwita mwongo, naye mwaka 1853 akalazimika kutoa kitabu kingine kizima cha kuthibitisha riwaya, chenye hukumu za mahakama, barua na matangazo ya magazeti. Alichota wapi? Kwa sehemu, kwenye kitabu cha Weld na akina Grimké. Mtunzi wa machozi alipobanwa alikimbilia kwenye mkasi. Tena pale alipoachana na ushahidi na kufuata ndoto yake, akawapeleka wahusika wake weusi walioelimika Liberia badala ya kuwapa nafasi nchini mwao, wasomaji weusi walilalamika, na walikuwa na haki.

Sasa pamba. Wasichana wa viwanda vya nguo vya Lowell, Massachusetts, walifanya kazi takribani saa 73 kwa wiki, na kuanzia 1840 walikuwa na jarida lao la fasihi, lililosifiwa hata na wageni kutoka Ulaya. Mfanyakazi mwenzao Sarah Bagley alilishambulia kwa kunyamazia saa hizo; yeye na wenzake walipeleka maombi kwenye bunge la jimbo mwaka 1845 na kutoa ushahidi mbele ya kamati. Pamba waliyoisokota ilichumwa na watumwa wa Kusini. Wapinga utumwa walilijua hilo. Maquaker wa Philadelphia walifungua maduka yasiyouza bidhaa za jasho la watumwa, lakini Garrison alikuja kuona ni kujisumbua bure, na harakati nyingi zikamfuata.

Nguo za viwanda vya Massachusetts zilifika mbali. Zilifika Zanzibar, na wazee wetu walizijua kwa jina la merikani. Sayyid Said, aliyetawala Zanzibar, alitia saini mkataba na Marekani mwaka 1833, konseli wa kwanza alitoka Salem mwaka 1837, na mwaka 1840 meli ya Sayyid Said, Sultana, ilitia nanga New York chini ya Ahmad bin Naaman ikiwa na karafuu, tende, kahawa na pembe za ndovu. Merikani ilipanda na misafara hadi Unyamwezi, ikawalipa wapagazi, ikanunua pembe, na ikanunua watu. Pembe zikashuka pwani, nyingine mabegani mwa wapagazi wa kulipwa, nyingine mabegani mwa watumwa, zikapakiwa kwenda New England kuwa vitana na vibonye vya piano. Katika kijiji cha Deep River, Connecticut, mmoja wa wenye viwanda vya pembe alikuwa Shemasi George Read, mpinga utumwa wa kweli, aliyemhifadhi mtoro kutoka South Carolina kwa hatari yake mwenyewe.

Simtaji Read ili nimsute. Ninamtaja kwa sababu anaonyesha mpaka wa mbinu ninayoisifu. Mkasi wa akina Grimké ulifika mahali magazeti yalipofika. Njia ya kutoka Tabora hadi Bagamoyo haikuwa na gazeti, na aliyetorokwa na mtumwa hakuchapisha tangazo la kueleza makovu yake. Ilipita karibu nusu karne kabla wavulana wa shule ya Kiungani, Zanzibar, waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa, hawajaandika kwa Kiswahili jinsi walivyokamatwa, walivyouzwa na mikono waliyopitia. Mwalimu wao A. C. Madan aliyatafsiri masimulizi hayo na kuyachapisha London mwaka 1887. Jina lililoko kwenye jalada ni la Madan.